Je, Wajua Mmea Hupima Urefu wa Usiku Kabla ya Kuchanua?

Mkulima wa Muheza au Pangani akipanda mbaazi za asili mwanzoni mwa masika, kisha akapanda shamba la pili wiki kadhaa baadaye, huenda akastaajabu kuona mashamba yote mawili yakitoa maua kwa kukaribiana, isipokuwa mibaazi ya kwanza itakuwa mirefu na ya pili mifupi. Umri wa mimea ni tofauti na mvua iliyoipata ni tofauti. Ni nini basi kilichoijulisha kwamba wakati umefika?

Mwaka 1920, watafiti wawili wa Marekani, W. W. Garner na H. A. Allard, walichapisha habari za tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, ambayo wakati wa kiangazi cha huko, mchana unapokuwa mrefu, ilizidi kurefuka bila kuchanua. Walipoiingiza katika chumba chenye giza kuanzia saa 10 alasiri, ikatoa maua. Kutokana na kazi hiyo mimea iligawanywa katika makundi: ya siku fupi, kama mbaazi, soya na aina nyingi za mpunga wa asili, ya siku ndefu, kama ngano na shayiri, na ile isiyojali, kama nyanya.

Majina hayo yangali yanatumika, ingawa hayasemi kweli yote. Mwaka 1938, Karl Hamner na James Bonner walilifanyia majaribio gugu moja la siku fupi ambalo matunda yake ya miiba hunasa kwenye nguo. Walipoukatiza mchana kwa giza, gugu lilichanua kama kawaida. Lakini walipoukatiza usiku mrefu kwa mwanga wa muda mfupi tu, halikuchanua. Kinachopimwa, kwa hiyo, ni giza lisilokatizwa. Ndiyo maana soya iliyopandwa chini ya taa ya barabarani inaweza kubaki na majani mabichi huku wenzake walio mbali na nguzo wakiwa wamekwisha kubeba maganda.

Kipimo hicho kimo ndani ya majani. Humo mna protini iitwayo fitokromu, ambayo hubadilika umbo ikipigwa na mwanga mwekundu, na ambayo hushirikiana na saa ya ndani ya mmea, yenye mzunguko wa takribani saa 24. Usiku ukifikia urefu unaofaa, jani hutengeneza protini nyingine, florijeni, inayosafiri katika mirija ya sukari hadi kwenye ncha ya tawi; pale palipokuwa pakichipua majani huanza kutokea vitumba vya maua.

Msomaji wa Tanga anaweza kuuliza, na kwa haki, kwamba haya yanatuhusu nini sisi tulio karibu na ikweta, ambao jua letu huchomoza na kuzama karibu na saa 12 mwaka mzima. Mjini Tanga, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote, mwezi Desemba, na siku fupi kuliko zote, mwezi Juni, ni kama dakika 35 tu. Bagamoyo ni kama dakika 45. Kwangu mimi, hapa ndipo penye maajabu hasa. Huko Malacca, nchini Malaysia, ambako tofauti hiyo ni dakika 14 tu, mpunga wa aina ya Siam 29 uliopandwa Januari ulichukua siku 329 kufikia kuchanua, na uliopandwa Septemba ukachukua siku 161. Dakika hizo chache zilitosha.

Si kila ua la Tanga linatokana na usiku. Michungwa ya Muheza huchochewa zaidi na ukavu unaofuatiwa na mvua, na mkonge hutoa mlingoti wake mara moja tu maishani, baada ya miaka mingi na majani mengi, kisha hufa.

Lakini kwa mazao yanayopima giza, mbegu inayotoka mbali inahitaji tahadhari. Soya iliyozoea nchi za kaskazini, ambako usiku wa msimu wa kilimo ni mfupi, ikipandwa pwani yetu hukutana na usiku wa takribani saa 12 tangu inapoota, ikachanua ingali fupi na ikabeba maganda machache, hata kama udongo ni mzuri na mvua imetosha. Kabla ya kununua mbegu ya namna hiyo, muulize muuzaji ilizalishwa kwa ajili ya ukanda gani.