Ndege haikuzunguka, ni ramani inakudanganya

Jamani hili naomba niliandike kabisa maana wiki hii tu nimelisikia hapa kaunta mara tatu. Mteja kakatiwa tiketi Dar kwenda Los Angeles kupitia Dubai, karudi analalamika eti ndege ilizunguka, kaona kwenye skrini ya kiti wanapanda tu juu kaskazini kwenye mabarafu wakati Marekani iko kushoto.

HAIKUZUNGUKA. Dunia ni duara, ile ramani ya ukutani imelazimishwa ikae kwenye karatasi na huko juu imevutwa mno. Mezani nina tufe dogo na uzi wa cherehani, nikamwambia bana hapa Dubai kwa kidole, vuta mpaka Los Angeles, kaza. Uzi wenyewe ukateleza ukapanda mpaka karibu na ncha ya kaskazini, akanyamaza. Hiyo ndo njia fupi, km 13,400 hivi. Ule mstari ulionyooka kwenye ramani, unaokatisha Afrika Kaskazini na Atlantiki, unakula kama km 16,800.

Wengine wakitafuta umbali wanachukua digrii (latitudo na longitudo) za viwanja viwili, wanatoa, wanapiga Pithagora wanazidisha kwa 111, halafu wananiletea jibu kwa kujiamini. Shida ni kwamba Dar–Mwanza inakubali vizuri tu, km 850 na kidogo, kwa sababu huku tuko jirani na ikweta na digrii moja ya longitudo ni km 111 kweli. Ukifika latitudo 60 hiyo digrii imebaki nusu. Sasa Dubai–Los Angeles kwa mtindo huo inakupa zaidi ya 19,000! Tumia fomula ya haversini, ile inayopima umbali juu ya tufe, na nusu kipenyo cha dunia km 6,371, simu yoyote inaiweza.

Kuzidisha masaa ya safari kwa 900, ile kasi ya ndege ya km kwa saa, nako acheni. Nairobi–New York ni kama masaa 15 kwenda na 14 kurudi, umbali ni uleule, upepo wa juu unavuma kuelekea mashariki. Na namba ya fomula ni umbali mfupi kabisa, rubani lazima ataongeza kidogo kwa ajili ya njia za anga, mawingu ya radi na foleni ya kutua.

Maili za ndege ni za baharini, km 1.852, sio 1.609 za barabarani. Dar–Dubai ni maili kama 2,150, ukikosea hapo unapoteza zaidi ya km 500.

Na jamani, Dar iko kusini mwa ikweta kwa hiyo latitudo yake ni –6.88, hiyo alama ya kutoa msiisahau. Juzi mtu kaniletea Dar–Dubai km 2,670 badala ya 3,980 hivi, kuangalia, kaandika 6.88 bila alama, uwanja wake uko Ethiopia.