Telki ya kukaa au ya kuinuka? Mtazame farasi kwanza

Karibu kila mwanafunzi anayejiandaa kwa jaribio lake la kwanza la dresaji (shindano la kumwongoza farasi kwa mazoezi yaliyopangwa mbele ya mwamuzi) huniuliza kama akikaa tandikoni muda wote wa telki, yaani mbio za polepole za farasi, badala ya kuinuka na kuketi kwa kufuata mapigo yake, atapata alama zaidi. Hapati. Uingereza, katika ngazi za chini za Intro, Preliminary na Novice, mpandaji hujichagulia mwenyewe. Marekani, majaribio ya Introductory yanataka uinuke; uhuru wa kuchagua huanzia ngazi inayofuata, Training. Kila zoezi hupewa alama 0 hadi 10, na macho ya mwamuzi yako kwa farasi.

Telki ina mapigo mawili. Mguu wa mbele wa kulia hukanyaga pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili, na katikati yake farasi huwa hewani kwa nukta moja. Nukta hiyo ndiyo inayokurusha. Aliyezoea hulegeza kiuno, nyonga zikafuata mgongo wa farasi. Anayeanza hubana mapaja ili asirushwe, na kadiri anavyobana ndivyo anavyorushwa. Akirushwa hujishikiza kwenye hatamu. Basi farasi, mdomo unavutwa na mgongo unatwangwa, huinua kichwa, hudidimiza mgongo na kufupisha hatua. Nimewahi kuketi kando ya waamuzi nikiwaandikia maoni yao: "mgongo umekaza", "hatua fupi", "mkono hautulii". Katika ngazi hizi sijaandikishwa hata mara moja kwamba mpandaji alipaswa kukaa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa jaribio la kwanza ni kuinuka, na kuinuka sawasawa. Uinuke bega la farasi la upande wa nje, ulio karibu na ukuta, linapokwenda mbele, ili uwe umekaa wakati mguu wa nyuma wa ndani unakanyaga. Ukikata uwanja kwa mshazari, tuseme kutoka herufi K hadi M kati ya zile zinazowekwa kuzunguka uwanja, upande wa nje hubadilika, kwa hiyo kaa mapigo mawili kisha uinuke tena. Wengine hubadilisha pale X, katikati ya uwanja, wengine wakikaribia ukuta. Kwangu popote ni sawa, mradi usisahau, maana mduara mzima wa mita 20 ukiinuka na bega la ndani badala ya la nje mwamuzi atauona tu.

Pa kukaa ni kabla ya kubadili mwendo. Hatua tatu au nne kabla ya kuingia kanta, mwendo wa kasi kuliko telki, au kabla ya kushuka kwenye mwendo wa kutembea, keti taratibu kama unayeketi juu ya mayai. Ukitua kwa kishindo, farasi atadhani umeshamwamuru.

Wapo farasi wa shule, wazee wenye telki laini kama godoro, ambao hata mgeni huweza kuwakalia. Ukibahatika kupewa mmoja, kaa. Ila usimdai hivyo farasi mchanga ambaye misuli ya mgongo bado haijakomaa.

Nyumbani mimi hutumia kipimo hiki: inuka hatua kumi, kaa hatua tano, inuka tena, huku mtu akikurekodi kwa simu akiwa amesimama herufi C, anapokaa mwamuzi. Ukiitazama video jiache wewe, tazama shingo ya farasi. Ikipanda kila unapokaa, jaribio la Jumamosi utaliendesha ukiinuka.