Jasho lisilokauka: maswali ya wanaotembea juani Lindi na Mtwara

Korosho zikianza kudondoka, Oktoba hivi, hapa kwetu watu wa aina mbili hushinda juani kwa miguu: anayeokota korosho shambani, na mgeni aliyekuja kutalii. Wa kwanza anajua anachofanya. Saa tano utamkuta chini ya mkorosho, kofia usoni. Wa pili ana chupa ya maji ya nusu lita na simu inayomwambia leo ni nyuzi 32 tu. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya huyo wa pili, na kwa wenyeji wanaorudi likizo baada ya miaka kadhaa Iringa au Arusha wakidhani miili yao bado ni ya hapa.

Nyuzi 32 ni kitu gani? Jangwani huko Marekani si wanatembea kwenye 40?

Simu inakupa joto la hewa kivulini. Haikuambii kama jasho lako litakauka, na hilo ndilo swali lenyewe. Mwili unaotembea unatengeneza joto muda wote, na njia yake kubwa ya kulitoa siku ya jua ni jasho. Lakini jasho linalodondoka chini halikupozi. Linalokauka juu ya ngozi ndilo linaloondoka na joto.

Jangwani hewa ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona. Hatari ya kule ni mtu kuishiwa maji mwilini huku ngozi yake imekauka na anajiona yuko sawa. Kwetu mwambao hewa imeshashiba mvuke wa bahari. Anika shati pale Mikindani asubuhi ya Januari yenye mawingu, uone litakauka saa ngapi. Ngozi yako nayo iko kwenye kamba hiyo hiyo: unalowa, unalowa, na joto linabaki ndani.

Na hao wa jangwani usiwasingizie. Katika bonde la Grand Canyon, jimbo la Arizona, walinzi wa hifadhi huwasihi watembeaji wakati wa kiangazi wasiwe njiani kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Jiji la Phoenix, jimbo hilo hilo, hufunga njia za baadhi ya vilima vyake joto likipindukia. Waliozoea ndio wanaoogopa zaidi.

Basi nitoke saa ngapi?

Tazama kivuli chako, usihangaike na saa. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua limepanda mno, tafuta mti. Kwa latitudo yetu hali hiyo huanza mnamo saa 3 asubuhi na kuisha kwenye saa 9 alasiri. Alasiri ongeza saa nzima, maana ardhi na mawe yanaendelea kutoa moto hata jua likilegea. Wanaopanda miamba ya Masasi wanalijua hili: saa 9 ukiweka kiganja juu ya jiwe unakiondoa mwenyewe bila kuambiwa.

Kitu kingine ambacho wageni kutoka nchi za mbali hawakitarajii: huku jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mnamo wiki ya tatu ya Oktoba na tena baada ya tarehe 20 Februari. Adhuhuri ya siku hizo mlingoti hauna kivuli. Kofia ya kapelo hapo inaacha shingo na masikio wazi. Vaa yenye ukingo kuzunguka kote, au tupia kanga.

Novemba kunapambazuka kabla ya saa 12. Anza hapo, maliza kabla ya saa 3. Saa tatu za kutembea zinamtosha mtu yeyote ambaye hakulipwa kutembea.

Tunataka kushuka Shimo la Mungu, bonde la pale Newala. Si ni kushuka tu?

Hapo kwenye "tu" ndipo penye ugonjwa.

Mlima wa kawaida unakupa adhabu mwanzoni: unapanda ukiwa na nguvu, ukichoka unageuka, na kurudi ni mteremko. Uwanda wa Makonde umepindua utaratibu. Unasimama ukingoni Newala asubuhi, upepo unapuliza, bonde la Ruvuma liko chini yako na Msumbiji ng'ambo, na njia inakuita iteremke. Unateremka ukicheka. Kadiri unavyoshuka hewa inazidi kuwa ya moto, karibu nyuzi moja kwa kila mita 100 siku kavu ya jua. Unafika chini saa 4, maji yamebaki robo, na ndiyo kwanza kazi inaanza: kupanda, jua likiwa utosini, miguu ikiwa imeshatumika. Grand Canyon huwaangusha watu kwa mtego huo huo, na kule wanahesabu kwamba kupanda huchukua mara mbili ya muda wa kushuka.

Kwa hiyo piga hesabu ya kurudi kwanza. Ukishuka dakika 40, tenga dakika 80 za kupanda. Maji theluthi moja ya kwendea, theluthi mbili za kurudia. Saa ya kugeuka iwekwe mkiwa bado juu, ikifika mnageuka hata kama mahali mlipokusudia panaonekana.

Nilishawahi kuvunja sheria hiyo mimi mwenyewe. Tulikuwa wanne, mmoja kijana wa Njombe, mwanamichezo, siku yake ya pili Kusini. Wakati wa kupanda aliacha kutania. Sikujali; nikadhani anatunza pumzi. Kisha akakaa kwenye jiwe lililokuwa juani, na kivuli kilikuwa hatua tatu mbele yake. Mtu mwenye akili timamu hachagui jiwe la jua. Nilipomuuliza tumetoka nyumbani saa ngapi, alinitazama kama nimemwuliza kwa Kimakua. Tulimmwagia maji yote tuliyokuwa nayo, tukampepea kwa kanga iliyolowa, na akarudi. Bibi mmoja wa pale juu, alipotusikia, alisema tu kwamba zamani wao walishuka kuchota maji usiku usiku. Hakuongeza neno.

Maji kiasi gani?

Ukitembea juani, kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20. Hiyo ni kama robo tatu ya lita hadi lita moja kwa saa. Safari ya saa nne ni lita tatu au nne kwa kila mtu. Chupa moja ya nusu lita ni ya kusukutulia.

Ila usizidishe lita moja na nusu kwa saa. Wapo wanaojijaza maji matupu kutwa nzima bila kula, chumvi ya damu ikashuka, wakaanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa. Wenzao wakidhani ni kiu wanawaongeza maji. Dawa ya kuzuia ni chakula: muhogo wa chumvi, korosho za kukaanga zenye chumvi, ndizi. Kwa safari ndefu beba paketi ya ORS. Ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, bila kilima juu ya kijiko.

Dafu ni zuri, nami silikatai. Lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linatoa sodiamu zaidi. Kunywa dafu, tafuna na korosho yako ya chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Mkojo utakuambia mengine: ukiwa mweupe kama maji ya limao uko sawa, ukifanana na chai ya rangi umechelewa.

Nitajuaje mwenzangu anazidiwa, na nifanye nini?

Kuna hatua mbili, na tofauti yake iko kichwani.

Ya kwanza ni uchovu wa joto: jasho jingi, kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, misuli kukaza. Anaongea vizuri, anajua alipo. Mpeleke kivulini, mlaze miguu ikiwa juu kidogo, mlegeze nguo, mpe maji au ORS kidogo kidogo, mlowanishe. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa hivi, au akianza kutapika, ni wa kituo cha afya.

Ya pili wengine huiita kiharusi cha joto, ingawa si kile cha kupooza upande. Joto la mwili limefika 40 au zaidi na ubongo umeanza kuathirika. Anajibu ovyo, anakuwa mkali bila sababu, anayumba kama mlevi, anapata degedege au anazimia. Vitabu vya zamani vilisema ngozi lazima iwe kavu. Si lazima. Aliyekuwa anatembea anaweza kuwa bado analoa jasho chapachapa, kwa hiyo usisubiri akauke ndipo uamini.

Hapa utaratibu ni mmoja: mpoze kwanza, ndipo umsafirishe. Mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mengi, ya aina yoyote, hata ya kisima cha kumwagilia. Mpepee bila kuacha. Kanga zilizolowa ziweke shingoni, kwapani na kwenye mapaja, na uzibadilishe zikipata moto. Kwa unyevu wa huku kupepea peke yake hakutoshi. Maji ndiyo yafanye kazi. Kama hajitambui, mlaze kiubavu na usimpe kitu mdomoni. Wakati huo mmoja wenu anatafuta gari.

Nasema gari. Mtu aliyechanganyikiwa kubebwa mshikaki kwenye bodaboda, kabanwa katikati ya watu wawili wenye moto wao, nimeshaona na sitaki kuona tena.

Panadol haisaidii hapa. Inashusha homa ya ugonjwa, ambayo mwili umeipandisha wenyewe. Hili ni joto lililoshindwa kutoka. Na kwa kuwa mikoa yetu ina malaria nyingi, akishapoa na kufika zahanati apimwe. Kupima malaria ni sawa. Kosa ni kukaa kwenye foleni ya kipimo kabla hajapozwa.

Nina presha. Mwanangu ana selimundu. Tusiende?

Mnaweza kwenda, kwa kujipanga. Baadhi ya vidonge vya presha hukojoza, vingine huzuia moyo kuongeza kasi. Vidonge kama piritoni hupunguza jasho. Usiviache kwa sababu ya matembezi. Muulize aliyekuandikia, kisha fupisha njia. Kwa mwenye selimundu, kuishiwa maji kunaweza kumletea maumivu makali siku hiyo hiyo, kwa hiyo yeye anywe kabla ya kiu, na msitembee mbali na barabara. Wazee hawahisi kiu mapema. Watoto hawasemi mpaka waanguke. Mwenye ualbino avae mikono mirefu, kofia pana na apake mafuta ya kukinga jua. Yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, yalitengenezwa kwa ajili yake.

Natoka nyanda za juu. Nitazoea lini?

Wiki moja hadi mbili, ukitembea kidogo kila siku na kuongeza polepole. Siku tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi. Na ukiondoka mwezi mzima, mazoea mengi yameondoka nawe, hata kama kitovu chako kimezikwa Tandahimba.

Likizo ya watoto ni Desemba. Tupange nini?

Ningekuwa na uchaguzi, ningewaambia mje Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe. Hiyo ndiyo miezi ya Tendaguru, kilima cha Lindi kulikochimbwa mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba kichwani siku kadhaa mpaka bandarini, na mmoja wa wanyama hao leo amesimama jumba la makumbusho Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kule hakuna duka la maji. Desemba msiende kwa miguu.

Kwa Desemba, chagueni mahali penye bahari au paa. Kilwa Kisiwani vukeni na mashua ya kwanza kutoka Kilwa Masoko, anzeni magofu ya Husuni Kubwa kungali mapema, kisha jua likipanda mkae chini ya kuba za Msikiti Mkuu, ambako mawe mazito hutoa kivuli cha kweli. Mikindani tembeeni jioni. Msimbati ni ya kuogelea asubuhi na kulala mchana. Mwambieni mtu wa nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi, kwa sababu mtandao wa simu hukatika mahali pale pale unapouhitaji.

Na uraka, pombe ya mabibo ya mkorosho? Mabibo si tunda?

Ni tunda mpaka lichachuke. Pombe inakukojoza na inakuondolea akili ya kutambua kwamba umezidiwa. Uraka unywewe jioni, viatu vimeshavuliwa.

Juzi nilizidiwa nikapona. Kesho naweza kutoka tena?

Kama ulikuwa uchovu tu, pumzika siku moja au mbili, ule, ulale, kisha uanze na njia fupi ya asubuhi. Kama ulichanganyikiwa au ulizimia, mwili wako utashindwa na joto kirahisi kwa wiki kadhaa. Rudi kwa daktari akupime figo na ini, na usubiri akuruhusu. Yule kijana wa Njombe aliambiwa hivyo hivyo. Alikaa barazani siku tano akibangua korosho.