Taa za mbele kufifia: kabla hujanunua balbu, pima waya wa bodi

Wenye gari za zamani hapa Mwanza, Corolla na Hiace za miaka ya 90 hasa, wanakuja na shida ileile: taa zinawaka ila ukitoka Igoma kwenda Kisesa usiku huoni kitu, na mtu keshanunua balbu za wati 100. Jamani, hapana. Balbu ya H4 ya kawaida, ile ya taa za mbele yenye fulu na dimu pamoja, ni wati 60 fulu na 55 dimu, na waya za gari zimewekwa kwa mzigo huo. Ukipandisha wati, soketi inayeyuka na ugonjwa uko palepale.

Washa injini, washa taa, pima betri kwa mita ya volti. Ukipata volti 13.8 hadi 14.4 altaneta, ile inayochaji betri, ni nzima. Sasa taa zikiwa bado zinawaka, mguu mmoja wa mita weka kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye waya wa bodi wa taa, yaani ule wa hasi uliofungwa kwa boliti kwenye bodi ya gari, gusa waya wenyewe sio boliti. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ukiona hata volti moja nzima hapo ndo umeme wako unapopotelea, na usiione ndogo, volti ikipungua asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30.

Fungua hiyo boliti uangalie. Mara nyingi chini ya ringi ya waya utakuta kutu, shaba imeota ukungu wa kijani, au gari ilipigwa rangi na rangi ikaingia hadi kwenye kiungio. Zile zinazobeba samaki wabichi maji yanachuruzika kila siku, ndo zinaongoza. Piga msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza, paka grisi juu.

Kitu kingine mafundi wanachanganyikiwa: Toyota nyingi za zamani swichi inakata upande wa hasi, sio chanya. Kwa hiyo ukiwasha fulu, mguu wa dimu nao unaonyesha umeme kwenye testa (kitaa cha kupimia umeme) kwa sababu unarudi kupitia waya wa ndani ya balbu. Hiyo sio shoti, usianze kukata waya za watu.

Bodi ikiwa safi na volti bado hazifiki kwenye balbu, hamia upande wa chanya, fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), soketi, pima kimoja kimoja hivyohivyo. Volti zikifika zote na mwanga bado ni wa njano, angalia vioo vya taa, vikishapauka hapo umeme hauna kosa.