Kabla ya Keki, Chagua Saa

Mzazi akinipigia simu anataka nimwandalie mwanawe besdei, mazungumzo huanzia kwenye keki. Iwe ya ghorofa ngapi, rangi gani, na nani hapa mjini anapamba vizuri. Mimi humrudisha nyuma kidogo na kumuuliza: shughuli saa ngapi? Akinijibu "saa saba, watoto wakitoka skuli," najua bajeti yake imeshatumika kabla hajanunua hata mshumaa.

Kwetu Visiwani, Zanzibar, mlo mkubwa ni wa mchana. Ukimwita mtu saa saba, hata ukimwambia ni kitu kidogo tu, anakuja na nafasi ya wali tumboni. Atataka pilau, atatazama nyama, na akikosa kachumbari habari zitafika mtaa wa mbali wa Fuoni kabla hujaosha masufuria. Ukimwita saa mbili usiku, umejitwisha chakula cha usiku na juu yake taa, na pengine jenereta. Lakini ukimwita saa kumi, baada ya sala ya alasiri, ameshakula kwake. Anachotarajia ni kitafunio, kitu kitamu na kinywaji baridi. Nyumba ni ile ile, wageni ni wale wale, gharama ni nyingine kabisa.

Hebu tupige hesabu ya jikoni. Kilo ya mchele hulisha watu 8 hadi 10, na pilau isiyo aibu inataka angalau nusu kilo ya nyama kwa kila kilo ya mchele. Wageni 50 ni kilo 5 au 6 za mchele, kilo 3 za nyama kwa uchache, bado vitunguu, mbatata, mafuta, bizari, kuni na mtu wa kusimama na mwiko tangu asubuhi. Wageni hao hao saa kumi jioni: kilo moja ya kunde, ukiiroweka usiku, ukaitoa maganda na kuisaga, inakupa badia ndogo karibu 100. Kilo ya mbatata inakupa kachori 25 hadi 30 za ukubwa wa ndimu. Hapo hujagusa nyama bado.

Faida nyingine ya saa kumi ni kwamba mwisho wa shughuli unakuja wenyewe. Jua letu huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, mwaka mzima. Ikiadhiniwa magharibi watu wanainuka bila ya mwenye nyumba kumkunjia mtu jamvi. Nimeona shughuli za mchana zinazoburuta mpaka usiku, na kila saa inayoongezeka inadai birika jingine la chai.

Sasa chakula. Kwa bajeti ndogo sina mshindani wa urojo, na nasema hivi nikijua wapo wanaouona ni chakula cha barazani tu, haufai kwa shughuli. Waje kwangu wauone umepangwa vizuri. Urojo wenyewe, ule mchuzi wa manjano, ni unga kidogo, maji, bizari ya manjano, chumvi na ukali wa embe bichi au ukwaju. Vitu rahisi vyote. Kinachoubeba ni vinavyotiwa ndani: mbatata za kuchemsha, badia, kachori, chipsi za muhogo za kuvunjavunja, chatini ya nazi, pilipili. Yai na mishkaki ndivyo ghali, na hapo ndipo mkono wa mpishi unapoonekana. Kata nyama vipande vidogo, upana wa kidole gumba. Kilo moja itakupa vipande 60 na zaidi. Iroweke tangu usiku kwa papai bichi kidogo, thomu, tangawizi na ndimu, ilainike hata kama si nyama ya steki. Kila bakuli lipate vipande viwili juu, vionekane. Mgeni akiona mshikaki juu ya bakuli lake, haulizi kwa nini hakuna pilau.

Usiuchanganye jikoni. Panga meza: sufuria ya urojo mwanzoni, halafu masinia ya vitiwavyo, kila kimoja na kijiko chake, na mtu mzima mmoja nyuma ya meza. Mtoto anachagua, "mimi sitaki kachori, nitie badia nyingi," na kuchagua huko kwake ni nusu ya mchezo. Weka mtu mzima kwenye sinia la mishkaki, na awe mgumu kuhongwa. Pilipili ikae mbali, kwenye bakuli lenye kifuniko, upande wa wakubwa.

Kuna sababu nyingine ya kuupenda urojo: unanyumbuka. Ukialika watoto 20, andaa kwa 35. Mtoto haji peke yake. Anakuja na mdogo wake, na mdogo wake kamshika mkono mtoto wa jirani, na wapo wawili watatu wanaochungulia mlangoni ambao hakuna mama wa Kizanzibari atakayewafukuza. Pilau ikipungua imepungua. Urojo unaongezewa maji ya moto, unga na ndimu, na mbatata mbili zaidi, na hakuna anayejua.

Vinywaji viwe vya kukamua. Chupa ya soda kwa kila kichwa inakula fedha nyingi kuliko watu wanavyodhani, na nusu ya chupa zinaachwa na mafunda mawili ya soda chini. Ukwaju haukosekani sokoni Darajani wala Mwanakwerekwe. Kuanzia Disemba hadi Februari maembe yanajaa, na bungo likiwa na msimu wake usilisahau. Hapa ndipo siachi mtu afanye mkato: maji ya sharubati yachemshwe jana yake na yapoe yakiwa yamefunikwa. Barafu ya kununua, ambayo hujui maji yake, usiitie ndani. Iweke kwenye beseni, na ndoo ya sharubati ikae juu yake. Visiwa vyetu vimeshaonja kipindupindu mara nyingi, na shughuli ya watoto si pahala pa kubahatisha.

Kuhusu keki, ambayo mzazi alitaka tuanze nayo, maoni yangu ni kwamba iwe ndogo. Kazi yake ni kubeba mishumaa na kupigwa picha. Kipimo kisichonitupa ni cha uzito sawa: unga gramu 250, sukari 250, siagi 250, mayai 5, na hamira ya keki (baking powder) vijiko viwili vya chai. Hiyo inatosha keki moja ya kawaida ya mviringo, na ukiikata vipande vidogo wanapata wote. Anayetaka kujaza meza ya vitamu aongeze mkate wa kumimina na mkate wa mayai. Mkate wa kumimina ni mchele, tui zito, sukari, hamira na iliki, harufu yake pekee inaita watu, na hauogopi joto.

Maana joto ndilo adui wa keki ya kisasa. Siagi huanza kuyeyuka ikifika nyuzi 32 hivi, na kaskazi ikiwa imetulia, Januari na Februari, uani kwetu mchana kuna joto hilo hilo. Urembo wa siagi uliopambwa usiku kucha unateremka ubavuni mwa keki mbele ya wageni. Ukishikilia saa yako ya alasiri, keki inabaki ndani kivulini mpaka saa 11 na nusu, jua limeshainama, ndipo inatolewa na kukatwa. Picha za saa hiyo pia ni nzuri kuliko za saa nane, na hazimkunji mtoto uso. Mteue mtu mmoja awe na kazi ya kupiga picha, mwenye simu nzuri na asiye mama wa mtoto.

Anayesema hana oveni nami namwambia hahitaji. Umeme ulipokatika Unguja nzima kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, besdei hazikusimama. Watu waliokea mkaa, moto chini na moto juu ya mfuniko, kama bibi zetu walivyofanya mikate yao, na mkaa wa chini unataka uwe kidogo kuliko wa juu, la sivyo chini panaungua na kati ni mbichi.

Mahali: uani, barazani, au uwanja wa mbele ya nyumba. Wanaokaa majumba ya Michenzani wana ule uwazi baina ya majumba. Mwambieni sheha, kiongozi wa mtaa, mapema, waambieni na majirani wa chini. Hoteli za Nungwi na Kendwa tuwaachie wenye nazo. Ufuo ni bure, lakini usafiri wake si bure, na bahari nayo ina ratiba yake.

Hili la bahari wapangaji wengi hulisahau. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji makuu kwetu Unguja hufika kama saa kumi, alfajiri na jioni. Yaani umewapakia watoto 20 kwenye daladala ya kukodi mpaka Fumba, umeteremsha masufuria, na mchanga uliokusudia wachezee nage umefunikwa. Siku za maji mafu, mwezi saba nane au ishirini na mbili hivi, mambo yanageuka: maji yanajaa asubuhi saa nne na jioni saa kumi yako nje. Basi tarehe ya mwezi wa Kiislamu itazame kabla ya kuwaahidi watoto ufuo. Mvuvi yeyote atakuthibitishia kwa ufuo wa kwenu, wa Pemba pia.

Mapambo nayapitia haraka kwa sababu ndiko fedha zinakopotelea. Mapulizo (maputo) machache, yafungwe dakika za mwisho. Jua la saa tisa huyapasua. Kanga za nyumbani na za mashoga zikitandazwa kwenye kamba zinatoa rangi ambayo hakuna karatasi ya dukani itakayoifikia, na kesho zinavaliwa. Makuti mabichi ya kusuka mlangoni. Kwa besdei ya mtu mzima ongeza asumini: yachumwe alasiri yangali yamefumba, yatungwe, na ikiingia jioni yanafumbuka yenyewe na kunukia ua mzima. Udi kidogo kwenye chetezo. Basi.

Mtu akinijia na laki mbili kwa wageni 40, mgawanyo wangu huwa hivi: laki na elfu 10 kwa chakula na vinywaji, elfu 30 keki na mikate, elfu 20 mkaa, barafu na usafiri, elfu 20 zawadi za michezo, na elfu 20 mapambo na vitu vidogo. Hizo za vitu vidogo sizigusi mpaka siku yenyewe, maana siku yenyewe lazima kitu kitahitajika. Masinia, majamvi na ndoo zenye koki haviko kwenye hesabu kwa sababu vinaazimwa. Watoto wale vitafunio pamoja, watoto sita kwa sinia moja, hununui sahani.

Na kitu cha kukumbukwa? Kiwe kimoja. Mzazi mwenye fedha kidogo akijaribu mambo matano, yote yanakuwa nusunusu. Mtoto wa miaka 5 hahitaji kidumbaki, ile taarabu ndogo ya mtaani ya kuchezeka. Mtafute bibi au babu wa mtaani mwenye sauti, akae juu ya kiti, watoto jamvini, aanze na "Paukwa!" na umsikie ua ukijibu. Wa miaka 9 na 10 wape mashindano: nage kwa timu, kuruka kamba, vitendawili, mshindi anayeshinda wote apate zawadi ya maana na wengine wapate visheti kwenye kipakacha kidogo cha kusukwa. Mifuko ya plastiki hatuitumii, na vipakacha vya wasukaji wetu ni rahisi ukiagiza mapema kwa wingi. Kidumbaki nakiweka kwa besdei ya mama aliyefika 60, ambako wageni wake watacheza kuliko wajukuu. Muziki wowote, uzimwe adhana ikianza.

Zipo familia zisizopenda besdei kwa sababu za dini, na ndugu wengine watakuja na uso wa kulazimishwa au hawatakuja. Sishindani nao. Nimeandaa alasiri nyingi ambazo hazina mishumaa wala wimbo: watoto wa chuo cha Kurani wanasoma, inaombwa dua ya umri mrefu, wanalishwa, wanacheza, wanaondoka na vipakacha vyao. Saa ni ile ile na chakula ni kile kile.

Swali ninaloulizwa sana mwaka huu na mwaka mwingine ni la mtoto aliyezaliwa Ramadhani. Mwezi wenyewe hapana, bei za nazi na mbatata mnazijua. Sikukuu pia hapana: watoto wana viwanja vya sikukuu vya Mnazi Mmoja na Kariakoo ya hapa mjini, na mifuko yao imejaa fedha za kwao wenyewe, hawatakaa uani kwako. Wiki inayofuata wakubwa wengi wanafunga sita, zile siku sita za sunna za Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, utapika urojo wa kutazamwa. Mimi huwaambia wasubiri mwezi nane au tisa Mfungo Mosi. Sita zimekwisha kwa walioanza mapema, Darajani bei zimeshuka, na kwa anayetaka ufuo, hizo ni siku za maji mafu.