Bei ya hospitali ng'ambo ya mpaka wa kaunti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Keti kwenye benchi la hospitali yoyote ya kaunti iliyo karibu na mpaka, hutakosa kumsikia mtu akilalamika kwamba ng'ambo ile huduma hii hii ni nafuu, au hailipiwi kabisa. Mara nyingi anasema kweli. Anapokosea ni kwenye sababu.

Dhana: Kaunti kutoza bei yake yenyewe ni kuvunja Katiba.

La. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliziachia kaunti hospitali na vituo vya afya vyake, na Kifungu cha 209 kinaziruhusu kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Viwango hupitishwa na bunge la kaunti, kwa kawaida ndani ya Mswada wa Fedha wa kila mwaka, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Wenye maduka hufika kupigania ada ya leseni. Ukurasa wa hospitali hupita kimya kimya, maana nani hujiona mgonjwa kabla hajaugua?

Dhana: Basi kila kituo kina bei yake.

Tofauti iko hasa katika hospitali za ngazi ya 4 na ya 5, yaani za kaunti ndogo na zile kubwa za rufaa za kaunti. Kwenye zahanati na vituo vya afya ada zilifutwa nchi nzima Juni 2013. Kabla ya hapo, tangu 2004, mgonjwa alilipa shilingi 10 au 20. Hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret ni za serikali kuu, gavana hana usemi juu ya bei zake. Lakini ukifika zahanati ukaandikiwa dawa ukanunue nje, hiyo haiitwi ada, ingawa mfuko wako hauoni tofauti.

Dhana: Kaunti inayotibu bure ni kaunti tajiri.

Si lazima. Makueni ni kaunti kame, na mwaka wa 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mpango ambao familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti bila kutozwa tena. Ulikuwa uamuzi wa bajeti. Kila kaunti hupata mgao kutoka hazina kuu, na shilingi iliyoingia wodini haiwezi tena kujenga barabara.

Hapa ndipo swali la haki linapouma. Mpango ule ulikuwa wa wakazi waliojiandikisha. Anayeishi upande wa Kitui au Machakos, akanunua na kuuza katika soko lilo hilo, alifika dirishani akiwa mgeni. Mwishoni mwa 2018 serikali kuu ilipoondoa ada kwa majaribio katika Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo pekee, mpaka ukageuka ukuta: jirani wa Siaya au Vihiga aliutazama ubure wa Kisumu kwa mbali, ilhali ni raia wa nchi moja. Mimi sioni ubaya kaunti mbili kupanga bei mbili, ndiyo maana ya ugatuzi. Ubaya ni mgonjwa kuijua bei akiwa tayari kitandani.

Dhana: Asiye mkazi anaweza kufukuzwa hata akiwa mahututi.

Hapana kabisa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inatoza faini ya hadi shilingi milioni tatu hospitali iliyokuwa na uwezo wa kuhudumia ikakataa. Kitambulisho cha kwenu hakihusiki.

Dhana: SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, imesawazisha kila kitu.

Mamlaka hiyo ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya hospitali, Oktoba 2024, na ina viwango vyake vya kuilipa hospitali. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi. Ila ambaye michango yake imesimama, au anayehitaji huduma isiyo kwenye orodha, anarudi kwenye bei ya kaunti.

Dhana: Ukishindwa kulipa, hakuna la kufanya.

Hospitali za umma huwa na utaratibu wa kusamehe bili, ambao hupitia kwa afisa wa ustawi wa jamii. Muulizie siku mgonjwa anapolazwa, usingoje siku ya kuruhusiwa.