Rangi ya farasi na daftari la uzao: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Dhana: Mtoto akitoka na rangi isiyokubalika katika daftari la uzao, yaani orodha ya chama ya farasi wa aina moja, damu imechanganyika.

Si lazima. Friesian, farasi wa Uholanzi, sharti awe mweusi, lakini baba na mama weusi tititi wanaweza kuzaa mtoto mwekundu. Jeni ya wekundu hujificha nyuma ya ile ya weusi. Wazazi wote wawili wakiibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mwekundu. Kwa sababu hiyo chama cha KFPS, kilichoanza mwaka 1879, hupima madume: anayebeba jeni hiyo hapewi kibali cha kupanda majike, hata kama yeye mwenyewe ni mweusi. Kumchuja baba kunatosha, maana mtoto hawi mwekundu bila kurithi jeni hiyo pande zote mbili.

Kipimo huhitaji nywele 20 hadi 30 za singa. Zing'olewe, zisikatwe: DNA inayotafutwa iko kwenye mzizi, na nywele za mkasi hurudishwa na maabara.

Dhana: Kanuni za rangi ni za kudumu.

Chama cha Quarter Horse, aina ya farasi wa Marekani (AQHA), kilichoundwa 1940, kwa miaka mingi kilimkataa farasi ambaye weupe wake ulivuka mipaka iliyowekwa usoni na miguuni, au aliyekuwa na baka mwilini. Wafugaji waliokataliwa ndio waliochangia kuzaliwa kwa chama cha Paint, yaani farasi wenye mabaka (APHA). Mwaka 2004 AQHA iliiondoa kanuni hiyo. Siku hizi mwenye weupe mwingi huandikishwa iwapo DNA imethibitisha wazazi wake.

Huko Paint mambo ni kinyume: ili aingie daftari kuu kwa rangi yake, farasi awe na baka jeupe la zaidi ya inchi 2 (sentimita 5 hivi) katika sehemu iliyotajwa ya mwili, na ngozi chini yake isiwe na rangi. Lowesha manyoya uone: ngozi ya waridi inahesabiwa, nyeusi haihesabiwi.

Dhana: Kukataa mabaka kuliwaondolea farasi ugonjwa wa weupe unaoua.

Hapa jicho hudanganya. Jeni ya mabaka ya aina ya frame, ikirithiwa pande zote mbili, huzaa mtoto mweupe ambaye utumbo wake hauna neva za kuusukuma. Hapati choo, anapatwa na msokoto mkali wa tumbo, na hufa ndani ya siku chache; tiba hakuna. Ila mbebaji anaweza kuwa na alama ndogo tu usoni, akapita ukaguzi wa macho bila shida. Kinachozuia msiba ni kuwapima wazazi kabla ya kupandisha, kisha kutowakutanisha wabebaji wawili.

Dhana: Lipizzaner, farasi wa Ulaya, wote ni weupe.

Wengi huzaliwa weusi au wa kahawia, wakapauka mwaka hadi mwaka. Wachache hubaki na rangi yao, nao ni Lipizzaner halali.

Dhana: Palomino, yaani farasi wa rangi ya dhahabu, akipandishwa na palomino, watoto wote ni wa dhahabu.

Ni nusu tu, kwa wastani. Robo huwa wekundu, na robo rangi ya maziwa wenye macho ya buluu, kwa kuwa dhahabu hutokana na nakala moja ya jeni ya krimu juu ya wekundu. Farasi Mwarabu safi hana jeni hiyo kabisa, kwa hiyo ukiuziwa "Mwarabu safi palomino", dai kwanza cheti cha DNA.